Mursik Haikuzikwa Nawe, Kogo

Langas, Eldoret

Kogo,

Watu bado wanakuja kuulizia maziwa yako, ile mursik ya watu wenu inayolazwa kibuyuni hadi igande. Jana tu mama mmoja alisimama hapa langoni na jagi lake la plastiki, akaniuliza kama kuna "ile ya yule nyanya" iliyobaki. Nikamwambia nyanya alituacha mahindi yakiwa yamefika magotini, na sasa yameshavunwa na kuanikwa. Akaniangalia kama vile ni mimi niliyekuua. Nikamwambia ninayo yangu, aonje bure. Akasema asante, akaondoka na jagi lake tupu, na mimi nikabaki na vibuyu vimejaa nyumba nzima.

Nimeanza bila salamu, najua. Ulikuwa ukisema mtu akikuongelesha bila kukusalimia, ana kitu moyoni. Ninacho, Kogo. Nimenung'unika na sufuria hadi nimechoka, kwa hivyo leo nimekaa nikuandikie wewe mwenyewe.

Nianze na siku tuliyokuzika. Hukusikia yaliyosemwa. Mchungaji alikusifu vizuri, akasema ulikuwa nguzo ya kanisa, jambo ambalo lingekuchekesha kwa sababu ulikuwa unasinzia kila mahubiri. Kisha Mzee Kirwa, yule mwenye hoteli karibu na stendi, akapewa kipaza sauti. Akashika kofia yake kifuani, akasema, "Leo tumezika mursik ya Langas. Mkono kama huo hatutaona tena." Watu wakatikisa vichwa. Wengine walilia, hata wale waliokuwa hawajamwaga chozi tangu asubuhi. Mimi nilikuwa nyuma ya hema, nimeshika birika la chai, nawamiminia wageni. Huo mkono waliokuwa wanauzika ulikuwa umeshika birika, Kogo. Watu wawili tu walilijua hilo, na mmoja wao alikuwa ndani ya sanduku.

Wewe unayajua yote haya. Lakini acha niyaseme, kwa sababu hukuyasema wewe.

Unakumbuka ulivyonikuta. Nilikuwa karani wa mizani katika kampuni ya kununua nafaka, miaka zaidi ya ishirini, nikipima malori ya mahindi kutoka pande zote za Uasin Gishu. Madereva waliniogopa. Nilikuwa na meza yangu, kikombe changu chenye mfuniko, na viatu vya kisigino nilivyovaa hata siku za matope. Kisha wakaleta mashine inayopima na kuandika yenyewe. Wakatuita kwenye mkutano, wakatupa soda na barua. Barua yangu ilisema huduma zangu hazihitajiki tena. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, na soda nilikuwa bado sijaimaliza.

Huko nje niligundua kwamba mtu wa miaka arobaini na sita si mzee wa kuheshimiwa wala si kijana wa kuajiriwa. Kijana mmoja mwenye tai alinihoji kazi ya stoo. Aliniita "mathe" mara mbili, halafu akaniuliza najiona wapi baada ya miaka mitano. Nilijiona nyumbani nikivua vile viatu, lakini sikumwambia. Kule kanisani kila mama alikuwa na ushauri. Fuga kuku. Uza mitumba. Subira huvuta heri. Ni rahisi kumtibu mtu ugonjwa usiouugua.

Kila asubuhi nilivaa nguo za ofisi, nikakaa kwenye ngazi ya nyumba yangu, sina pa kwenda. Sijui nilikuwa nangoja nini. Ndipo ulipopita kwenye lile pengo la ua wetu, kibuyu mkononi, ukanitazama kutoka juu hadi chini. "Nekesa, hiyo nguo itaisha matako kwa kukaa. Kuja unishikie hii kitu." Hukunipa pole. Wewe peke yako hukunipa pole, na nilikupenda kwa hilo.

Nikakushikia. Nilidhani ni kushika tu, kumbe nilikuwa nimeajiriwa. Ulinifundisha kuchagua vijiti vya senetwet, vile vikavu vya ule mti wa maua ya manjano, kuvichoma hadi viwe makaa mekundu, kuyatia ndani ya kibuyu na kuyasaga kwa ile fagio ndefu hadi kuta za ndani ziwe nyeusi na za kung'aa. Ulinifundisha kuchemsha maziwa na kuyaacha yapoe kabisa kabla ya kuyamimina, kisha kufunga na kuondoka. Hapo kwa kuondoka ndipo nilipokuwa mbaya. Karani haondoki. Niliandika tarehe kwa chaki kwenye kila kibuyu, na wewe ukapita nyuma yangu ukizifuta kwa kiganja. "Maziwa haisomi, Nekesa. Nusa." Nikajifunza kunusa kifuniko. Mtu mzima, nimesaini karatasi za malori maisha yangu yote, nikainamishwa kunusa vifuniko kama mtoto anayetafuta sukari.

Na kuosha. Wewe na kuosha! Maji moto na ile fagio, basi. "Ukiweka sabuni umekiua. Kibuyu haisahau." Uliyasema mara nyingi hadi nikayaota.

Mwanangu Brayo alipopata habari alinipigia simu kutoka chuoni Kesses. "Mum, mursik? Wewe? Si sisi ni Waluhya wa Bungoma?" Nikasikia wenzake wakicheka nyuma yake. Nilikata simu nikaenda kuchemsha maziwa. Nilikuwa nimeona aibu, sikatai. Lakini jioni ile nilifungua kibuyu cha kwanza nilichokitengeneza peke yangu, ukamimina kwenye kikombe chako cha bati, ukanywa ukiwa umefumba macho. Kisha ukasema, "Hii ningeuza." Kogo, sijawahi kupewa sifa kama hiyo na meneja yeyote. Nilikwenda kwangu nikalia kwa furaha. Nilijua nimepata kazi ambayo hakuna mtu angeweza kuniandikia barua ya kunitoa.

Nilikuwa mjinga.

Mikono yako ikaanza kukataa. Kwanza vidole vya kushoto, halafu vyote, vikavimba kwenye viungo hadi ukashindwa kushika ile fagio. Tukapanga bila hata kupanga. Mimi nikawa natengeneza nyuma ya nyumba, wewe ukawa unauza mbele langoni, umekaa kwenye kiti chako na leso yako magotini. Mzee Kirwa akija kuonja, anasema, "Kogo, mkono wako hauzeeki." Na wewe unacheka. Unacheka vile vya kwako, meno matatu na furaha tele, na kuipokea sifa yote. Mimi nimesimama hapo kando, masizi hadi kwenye viwiko. Kirwa aliniona. Aliniambia, "Mama, nisaidie kubeba hadi kwa gari."

Siku ya kwanza nilicheka pia. Siku nyingine nilikuuliza, na ukanijibu kwa upole, "Watu hawanunui maziwa, Nekesa. Wananunua mkono. Wakisikia ni ya Mluhya, hata kuonja hawataonja. Ngoja kidogo. Nitawaambia mwenyewe, wakishazoea." Nikangoja. Ulisema utawaambia Krismasi, watu wako wote wakija nyumbani. Krismasi ikaja, wakanywa, wakakusifu, ukaniangalia kupitia moshi wa jikoni na ukainamisha macho. Ukasema Pasaka. Pasaka ulikuwa tayari unakohoa.

Kinachoniuma ni kwamba ulijua kusema. Mwaka ule mbaya wa fujo za uchaguzi, watu walipokuwa wakipita mlango hadi mlango wakiuliza majina ili wajue kabila, mimi na Brayo mdogo tulikuwa chini ya kitanda chako. Vijana wakasimama langoni na mapanga na mishale. Wewe ulitoka nje na hiyo leso yako, ukawaambia, na niliyasikia yote kwa sababu ulipaza sauti ili niyasikie, "Nekesa ni wangu. Anayemtaka aanze na mimi." Wakaondoka. Ulinitaja mbele ya mapanga, Kogo. Kwa nini ukashindwa kunitaja mbele ya vikombe?

Nimelifikiria hilo hadi kichwa kinauma. Wakati mwingine naona uliogopa kwa ajili yangu, kwamba ningefukuzwa sokoni. Wakati mwingine naona ulikuwa unajiogopea mwenyewe tu. Mwanamke mzee, mikono imekufa, kitu pekee kilichobaki ni watu kusema mkono wako hauzeeki. Labda hukuweza kukiachilia. Ningekuelewa ungeniambia hivyo. Mimi pia nilishawahi kuambiwa sihitajiki.

Sasa nikwambie kuhusu vibuyu vyako. Kaa vizuri huko uliko.

Wiki ya matanga, nyumba ilijaa. Binti yako Jerono alifika kutoka Nairobi na macho yamevimba, akakataa kukaa. Alitaka kazi, kazi yoyote, ili asifikiri. Alfajiri moja nikatoka nje nikakuta vibuyu vyako vyote vimepangwa kwenye nyasi, vimefunguliwa, vinang'aa. Alikuwa ameviosha kwa sabuni ya unga, kimoja kimoja, ndani na nje, kwa brashi ya chupa. "Sitaki watu waseme mama aliacha vyombo vichafu," akaniambia. Alikuwa amejikaza hasa. Ule weusi wa miaka yote, ule ulioupaka kabla mimi sijafika Eldoret, ulikuwa umemwagika kwenye mtaro na povu juu yake. Nikainama nikanusa. Harufu ya maua ya dukani. Nilishindwa kumwambia. Ningemwambia nini mtoto aliyefiwa? Nilimshika mkono tukalia wote wawili, yeye akilia kwa sababu yako na mimi kwa sababu ya vibuyu. Alikuja kujua baadaye, maziwa ya kwanza aliyoyaweka yalipotoa povu na uchungu.

Kwa hivyo hakuna kilichobaki. Nataka ulijue hilo, kwa sababu ndilo shina la yanayofuata.

Baada ya mazishi nilienda Soy siku ya soko nikanunua vibuyu vipya, vibichi, vyeupe ndani. Nikaanza upya tena. Arobaini na sita nilianza, hamsini naanza. Nilivichoma na kuvisaga wiki nyingi hadi vikakubali. Kisha nikavaa vizuri nikampelekea Mzee Kirwa kimoja pale hotelini. Hakukifungua. Alinisemesha kwa heshima zote. "Mama, sikudharau. Lakini nyinyi watu wa mboga ya mrenda mnajua nini kuhusu mursik?" Nikarudi nacho. Hapana, nakudanganya. Nilikiacha jikoni kwa mpishi, nikamwambia wanywe wao wafanyakazi.

Siku ya tatu Kirwa alikuja mwenyewe na gari. Alikuwa amekunywa kikombe cha mpishi bila kuuliza. Alishuka akinyoosha kidole, machozi yakimlengalenga. "Kumbe ulificha! Hii ni ya Kogo! Alikuachia ngapi?" Nilifungua mdomo nimwambie, nikaona uso wake ulivyo na furaha, nikaona vibuyu vyangu vilivyojaa, nikaufunga. Kunyamaza nilikuwa nimefundishwa vizuri, tena na wewe.

Akachukua vyote. Akarudi kuchukua vingine. Habari zikaenea kwamba kwa Nekesa kuna ile ya Kogo iliyobaki, na watu wakaanza kuja, wakinong'ona, wakiniita mwanangu. Nilikuuza ukiwa umekufa, Kogo, na ulikuwa unauzika kuliko ulipokuwa hai. Hakuna aliyejiuliza ni maziwa gani hayo yanayokaa miezi yote hiyo bila kuisha. Kirwa alijua hesabu. Hakutaka kuipiga.

Kisha akaniletea kazi kubwa. Kuna msichana wa mbio wa huko Chepsaita, amerudi kutoka ng'ambo na medali shingoni, na wazazi wake walitaka mursik ya kumpokea. Kirwa aliwaahidi ya Kogo. Nilichagua kibuyu kizuri kuliko vyote, nikakifunga kwa mkono wangu, nikakinusa kila siku. Nikaenda nacho mwenyewe. Boma lilijaa, nyimbo, vumbi, wazee kwenye viti vya mbele, Jerono pia alikuja kwa sababu mama ya msichana ni rafiki yake wa shule. Mtu wa kipaza sauti akakiinua kibuyu changu juu ya kichwa chake. "Hii ndiyo kibuyu ya mwisho ya marehemu Kogo Tapsubei wa Langas. Baada ya hii, hakuna tena."

Hakuna tena. Kogo, nilisikia ile barua ya kampuni ikisomwa upya, safari hii mbele ya watu wote na mimi ndiye niliyebeba karatasi. Nikinyamaza, nimekwisha. Kesho nitauza nini, na wamesema ni ya mwisho? Nikisema, nimekwisha pia. Miguu yangu ikaniamulia. Nilijikuta mbele, kando ya yule mwanamume, na sauti yangu ile ya kufokea madereva ikatoka. "Si ya Kogo. Kogo tulimzika. Hii nimetengeneza mimi, Nekesa, na zote mlizokunywa tangu mikono yake ishikwe na ugonjwa ni zangu."

Wakacheka kwanza. Mwanamume wa kipaza sauti akasema mama ameguswa na msiba, mpeni kiti. Ndipo Jerono akasimama. Hakuja mbele, alisimama tu pale alipokuwa, akasema polepole, "Vibuyu vya mama niliviharibu mimi, kwa sabuni, wiki ya matanga. Hata kimoja hakikupona." Akakaa, akajifunika uso kwa mikono. Alijivua nguo mbele ya watu kwa ajili yangu, yule mtoto wako. Kile ambacho mama yake hakukifanya akiwa na nafasi ya miaka, yeye alikifanya mara moja.

Ungefikiri sasa watanipigia makofi, sivyo? Mzee mmoja alitema mate kando. Mwingine akasema Waluhya wameanza kuiba hata majina ya wafu. Kirwa alikuja karibu. "Ulitulisha uongo." Alikuwa amekunywa maziwa yangu miaka yote hiyo, akanenepa, akauza, akasifiwa hoteli yake, na alichokumbuka ni uongo. Na uongo wenyewe, Kogo, ulikuwa wako. Mimi niliurithi tu, na ndicho kitu pekee nilichorithi. Hakuna aliyekulaumu wewe hata kwa nusu neno. Ukifa mapema unabaki msafi.

Yule msichana alikunywa lakini. Nilimwona. Alikuwa na kiu, ametoka safari, hakujali hadithi za watu wazima. Alikunywa hadi mama yake akamshika mkono.

Tangu siku ile Kirwa hajarudi. Nasikia ananunua ya paketi. Wale walioniita mwanangu wanavuka barabara wakiniona. Nimekaa na vibuyu vyangu, nimerudi kwenye ile ngazi ya nyumba yangu, tofauti ni kwamba siku hizi sivai nguo za ofisi.

Asubuhi ya leo pikipiki imesimama hapa langoni. Kijana wa watu ameniletea kibuyu changu kutoka Chepsaita, kimefungwa kwa gazeti. Nilikuwa nimeshakikatia tamaa. Nimekifungua nikanusa, moyo mkononi. Hakina sabuni. Kimeoshwa kwa maji moto, tena na mtu anayejua, na ndani yake kuna vijiti vikavu vya senetwet, vimekatwa sawasawa na kufungwa kwa uzi. Kwetu na kwenu pia, chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, wewe unajua. Kijana akasema mama ya yule msichana ametuma maneno matatu: "Mwambie Nekesa ajaze." Nekesa. Amenitaja jina, Kogo.

Kibuyu kimoja hakilishi nyumba. Sijawa mjinga tena hadi niite hiyo ushindi. Lakini moto nimeshauwasha, na maziwa yanapoa hapa kando yangu ninapokuandikia.

Kwa hivyo nakuaga. Sikuagi kwa amani, kwa sababu sina, na wewe hukupenda mtu wa kujifanya. Ikija nitakuja kaburini nikwambie. Jerono amesema atakuja Disemba nimfundishe, na nitamfundisha yote, hasa kuhusu sabuni.

Na ahadi yangu ni hii. Mtu akiniuliza nani alinifundisha, nitasema ni Kogo Tapsubei wa Langas, nitasema hata kama hajauliza vizuri. Akiniuliza nani ametengeneza, nitasema ni mimi. Nitakutaja kila siku ya maisha yangu, Kogo, na hutangoja Krismasi.

Wako, kama ulivyowaambia wale vijana,

Nekesa